Baada ya Hema Kukunjwa: Hisani ya Macho Inayomfikia Mhusika

Oktoba ni mwezi wenye shughuli nyingi za hisani zinazohusu macho. Alhamisi ya pili ya mwezi huo huwa Siku ya Kuona Duniani, na tarehe 15 huwa Siku ya Fimbo Nyeupe. Kwa kuwa Alhamisi ya pili haiwezi kupita tarehe 14, siku hizi mbili hufuatana ndani ya wiki moja kila mwaka. Ndiyo maana kamati nyingi za wadi, makanisa, misikiti, shule na vyama vya akina mama huamua kuziunganisha: matembezi asubuhi, upimaji wa macho chini ya hema, hotuba adhuhuri, na mchango kabla ya watu kutawanyika. Uamuzi huo unaokoa gharama. Hata hivyo una hatari yake, kwani mkazi anaweza kurudi nyumbani akidhani kwamba siku zote mbili zinazungumzia jambo moja.

Siku ya Kuona inamhusu mtu anayepoteza au aliyepoteza uwezo wa kuona na ambaye bado anaweza kutibiwa. Nyanya mwenye mtoto wa jicho ni mmoja wao, na mwanafunzi asiyeona ubao kwa sababu hana miwani ni mwingine. Siku ya Fimbo Nyeupe inamhusu mtu ambaye hataona tena, na ambaye hakusimamisha maisha yake akingoja kuona. Huyu anadai barabara anayoweza kupita, shule inayomfundisha, na mwajiri anayesoma barua yake ya maombi hadi mwisho.

Shughuli isiyowatofautisha hawa wawili inaweza kuwakosea wote. Wa kwanza hupewa unga, mafuta ya kupikia na maneno ya pole, ilhali upasuaji mfupi ungemrudishia macho. Wa pili huahidiwa matibabu mbele ya umati, apigwe picha, kisha arudi nyumbani bila fimbo.

Idadi ya wanaohusika si ndogo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya Wakenya 330,000 wa umri wa miaka 5 na zaidi walio na ulemavu wa kuona. Katika mwaka huohuo, Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake kuhusu kuona, ikikadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona mbali au karibu, na kwamba kwa watu wasiopungua bilioni 1 kati yao, tatizo hilo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa.

Mtoto wa jicho hangoji kukomaa

Sababu kuu ya upofu duniani ni mtoto wa jicho, na nchini Kenya hali ni hiyo hiyo. Uchunguzi uliofanywa Nakuru mwaka 2007 na 2008, ambapo zaidi ya watu 4,000 wa umri wa miaka 50 na zaidi walipimwa, uliukuta ugonjwa huo ukiongoza miongoni mwa sababu za upofu.

Ndani ya jicho mna lenzi iliyo angavu kama kioo safi. Umri unaposonga, lenzi hiyo huanza kuingia ukungu. Kisukari, majeraha ya jicho, uvutaji wa sigara na matumizi ya muda mrefu ya dawa zenye steroidi huharakisha jambo hilo. Mwanzoni mtu huona kama anatazama kupitia dirisha lenye vumbi. Taa za magari usiku humwumiza. Baadaye hubaki akitofautisha mwanga na giza tu. Hakuna maumivu, na labda hiyo ndiyo sababu watu huuchukulia ugonjwa huu kama sehemu ya uzee.

Hakuna dawa ya matone inayoondoa mtoto wa jicho, hata iwe na lebo ya kuvutia kiasi gani. Hakuna mzizi wala maji ya majani yanayouondoa. Dawa za kienyeji zinazotiwa machoni zinaweza kusababisha vidonda kwenye kioo cha jicho, na kidonda kikipona huacha kovu jeupe ambalo ni gumu zaidi kulitibu kuliko tatizo la awali. Tiba ya mtoto wa jicho ni upasuaji. Daktari au afisa wa kliniki aliyefunzwa upasuaji wa macho huitoa lenzi iliyochafuka na kuweka nyingine ya kutengenezwa. Kwa kawaida mgonjwa hudungwa dawa ya ganzi tu, wala halazwi usingizi, na kazi yenyewe huchukua chini ya saa moja. Bandeji huondolewa siku inayofuata.

Wazee wengi wameambiwa wangoje mtoto wa jicho “akomae.” Ushauri huo ulikuwa na maana zamani, kabla ya mbinu za sasa. Leo kungoja kunamfanya mgonjwa apoteze miaka, na mtoto wa jicho aliyekomaa kupita kiasi anaweza hata kuleta presha na uvimbe ndani ya jicho. Kipimo cha kwenda hospitalini ni kimoja: je, ukungu huo unamzuia mtu kufanya shughuli zake? Ikiwa mama hawezi tena kuchambua mchele au kutambua noti ya shilingi mia mbili na ya mia tano, wakati umefika.

Kuna mwathiriwa mwingine ambaye hahesabiwi katika takwimu za macho. Ni mjukuu anayemshika mkono babu au nyanya kwenda chooni, sokoni na kanisani. Mara nyingi ni msichana, na mara nyingi huachishwa masomo siku moja moja hadi siku hizo zikawa muhula. Babu anapofanyiwa upasuaji, watu wawili hurudi kwenye shughuli zao.

Walioandikiwa barua na hawakufika

Hapa ndipo kamati nyingi huteleza. Kambi ya matibabu ya macho hupimwa kwa idadi ya watu waliopanga foleni. Msemaji hutangaza kwamba watu mia kadhaa wamepimwa, umati hupiga makofi, na habari huishia hapo. Swali linalofaa kuulizwa ni jingine kabisa: kati ya walioambiwa waende hospitalini, wangapi walifika?

Kaunti ya Trans Nzoia ina jibu la kufundisha. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, walimu katika shule 50 za kaunti hiyo walipima macho ya watoto karibu 21,000. Watoto karibu 900 walionekana kuwa na tatizo na wakatakiwa kufika hospitalini. Shule zilikuwa zimegawanywa katika makundi mawili kwa kura. Katika kundi moja, walimu walitumia kadi ya kawaida ya kupimia macho, na mzazi alipewa barua ya rufaa, kama inavyofanyika kwingi. Katika kundi la pili, walimu walipima kwa simu ya mkononi yenye programu maalumu. Mzazi alionyeshwa picha iliyochapishwa ya jinsi mtoto wake anavyouona ulimwengu, na baadaye akatumiwa ujumbe mfupi wa kumkumbusha. Mwalimu pia alijulishwa ni watoto gani hawajafika.

Katika kundi la barua peke yake, watoto 22 kati ya kila 100 ndio waliofika hospitalini. Katika kundi lililofuatiliwa, walifika 54 kati ya 100.

Tarakimu hizo mbili zinapaswa kubandikwa ukutani mwa kila ofisi inayopanga kambi ya macho. Barua peke yake iliwaacha watoto zaidi ya robo tatu pale pale walipokuwa. Ufuatiliaji uliongeza idadi ya waliofika mara mbili na zaidi, bila kujenga hospitali mpya. Ni vyema pia kukiri kwamba hata kwa ufuatiliaji huo, karibu nusu hawakufika. Kazi ni ngumu, na kamati ambayo haikuipangia watu wala pesa haiwezi kutarajia itokee yenyewe.

Vikwazo vya watu wazima vinajulikana na kila anayeishi kijijini. Nauli ya kwenda na kurudi ni ya watu wawili, kwa sababu asiyeona hasafiri peke yake kwenda mahali asipopajua. Mwenye ng'ombe hana wa kumwachia. Mwanawe aliye mjini ndiye mwenye kauli ya mwisho, na hakuwepo siku ya kambi. Wengine wanaogopa kwa sababu wamesikia habari za jirani aliyefanyiwa upasuaji na asione, bila kuambiwa kwamba jirani huyo alikuwa na presha ya macho iliyokwisha kuua mshipa wa kuona.

Kwa hiyo kamati yenye busara huanza kazi wiki kadhaa kabla ya hema kufika. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao tayari wana orodha za nyumba wanazotembelea, huombwa kuwataja wazee wasioona vizuri, kwa kuwa wale wanaohitaji huduma zaidi ndio wasioweza kutembea hadi uwanjani. Tarehe ya upasuaji hupangwa na hospitali kabla ya tarehe ya upimaji, ili mgonjwa aondoke hemani akijua siku, gari na mahali pa kulala. Namba mbili za simu huandikwa, ya mgonjwa na ya mtu wa nyumbani anayeamua. Mtu mmoja, mwenye jina na anayejulikana, hupewa jukumu la kupiga simu hizo. Na mzee wa kijiji aliyefanyiwa upasuaji mwaka uliopita hualikwa kuzungumza. Maneno yake matano huwa na uzito kuliko hotuba ya nusu saa ya mgeni wa heshima.

Upasuaji wa jicho la pili husahauliwa mara nyingi, na miadi ya kurudi kukaguliwa pia. Yote mawili yanafaa kuwemo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Yasiyongoja kambi

Kuna hali ambazo mtu akiziona hapaswi kusubiri Oktoba. Mtoto ambaye mboni ya jicho lake inaonekana nyeupe au inang'aa kama jicho la paka, hasa kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera, apelekwe hospitalini wiki hiyo hiyo. Huenda ni mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, na huenda ni saratani ya jicho ambayo ikicheleweshwa huondoa uhai. Jicho jekundu lenye maumivu makali na kuona kunakopungua ghafla ni la dharura. Vivyo hivyo jicho lililoingiwa na kemikali: lioshwe kwa maji safi mengi papo hapo, kwa dakika zisizopungua 15, kabla ya safari ya kwenda hospitalini kuanza.

Presha ya macho, ambayo wengine huiita glakoma, ni adui wa aina nyingine. Haiumi na humnyang'anya mtu uwezo wa kuona pembeni kwanza, kwa hiyo hashtuki mpaka amebakiwa na tundu dogo la kuonea. Kilichopotea hakirudishwi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa au upasuaji. Mwenye mzazi, ndugu au dada aliyepata upofu kwa ugonjwa huu anashauriwa kupimwa kuanzia umri wa miaka 40, hata kama anaona vizuri. Mwenye kisukari naye apimwe ndani ya macho kila mwaka.

Katika maeneo ya wafugaji, ugonjwa wa trakoma bado unageuza kope za watu zikakwaruza jicho hadi likapofuka. Huenezwa kwa mikono, kwa leso na kwa nzi wanaotua kwenye nyuso za watoto. Maji ya kunawa uso na choo ni kinga pamoja na dawa zinazogawiwa. Kwa watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5, matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi 6 katika vituo vya afya, na chanjo ya ukambi pia hulinda macho.

Fimbo si ya kumsikitikia mtu

Historia ya fimbo nyeupe ni fupi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1921, James Biggs, mpiga picha wa mji wa Bristol nchini Uingereza aliyepoteza macho katika ajali, aliipaka fimbo yake rangi nyeupe ili madereva wamwone. Mwaka 1930, wanachama wa klabu ya Lions katika mji wa Peoria, Marekani, walianza kusambaza fimbo nyeupe, na baraza la mji likapitisha sheria ya kumpa haki ya kwanza barabarani anayeibeba. Mwaka 1931, Guilly d'Herbemont aliziingiza Paris. Tarehe 15 Oktoba ilitangazwa na Rais Lyndon Johnson wa Marekani mwaka 1964, kisha ikaenea kwingine.

Klabu za Lions hazikuanza na macho kwa bahati. Mwaka 1925, Helen Keller, mwandishi asiyeona wala kusikia, aliwahutubia katika mkutano wao mkuu huko Ohio na kuwaomba wapiganie wasioona. Wao wenyewe wanahesabu kazi yao ya macho tangu siku hiyo, na hospitali yao ya macho ya Loresho, Nairobi, ni tawi la mti huo huo. Inafaa kuzingatiwa kwamba aliyewapa wazo alikuwa mtu asiyeona, akiwa jukwaani, akisema la moyoni mwake.

Kenya ina mifano ya nyumbani. Henry Wanyoike wa Kikuyu alipoteza karibu uwezo wake wote wa kuona mwaka 1995, akiwa kijana wa miaka 21, baada ya kupata kiharusi. Miaka mitano baadaye alishinda dhahabu ya mita 5,000 katika michezo ya Olimpiki ya walemavu huko Sydney. Mkimbiaji aliyekuwa akimwongoza aliishiwa nguvu karibu na mwisho, na ikabidi Wanyoike ndiye amvute hadi kwenye utepe. Huko Athens mwaka 2004 alishinda mita 5,000 na 10,000. Baadaye aliandaa mbio za hisani nyumbani Kikuyu, ambako wanaoona na wasioona hukimbia pamoja. Katika mbio kama hizo asiyeona ndiye mwenyeji, na wengine ni wageni wake.

Douglas Sidialo alipofuka katika shambulio la bomu jijini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998. Mwaka 2005 alikuwa miongoni mwa wapandaji wasioona kutoka Kenya, Uganda na Tanzania walioukwea Mlima Kilimanjaro. Safari hiyo ndiyo iliyozaa Kilimanjaro Blind Trust, taasisi ambayo imekuwa ikitengeneza na kusambaza mashine za breli kwa wanafunzi wa eneo hili. Watu walioona habari za mlima huo huenda wamesahau majina ya wapandaji, lakini mashine ziko madarasani.

Basi kamati inapopanga matembezi ya Oktoba, watu wasioona wawe ndani ya chumba cha mipango tangu kikao cha kwanza. Chama cha wasioona cha eneo, au mwalimu asiyeona wa shule ya jirani, atasema mapema mambo ambayo wengine hawangeyafikiria: kwamba njia iliyochaguliwa ina mtaro usio na kifuniko, kwamba vipaza sauti vikiwa vikubwa mno asiyeona hupoteza mwelekeo, kwamba ratiba ichapishwe pia kwa breli au itumwe kwa simu mapema ili isomwe kwa sauti. Katiba ya mwaka 2010 yenyewe, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha, kufika kila mahali na kutumia breli. Kumwita mtu “yule kipofu” akiwa anasikia, na huku ana jina, ni jambo la kuachwa.

Desturi za njiani ni rahisi kujifunza, na hema la hisani ni mahali pazuri pa kuzifundisha. Anayetaka kumsaidia asiyeona humsalimu kwanza, hujitaja jina, na kumuuliza kama anahitaji msaada. Akikubali, msaidizi hutoa mkono wake, na asiyeona hukishika kiwiko na kumfuata nusu hatua nyuma. Hasukumwi kutoka nyuma wala kuvutwa kwa fimbo yake, maana fimbo ndiyo inayomwambia palipo na shimo, ngazi au ukuta. Msaidizi anapoondoka aage, asimwache mtu akizungumza na hewa. Utingo wa matatu ataje njia na kituo kwa sauti. Mwenye bodaboda asiegeshe kwenye njia ya miguu, na mwenye kibanda asipange makopo hapo. Fimbo yenye mistari myekundu huashiria kwamba mwenyewe pia hasikii vizuri, hivyo kumpigia honi si msaada.

Kitambaa cha machoni

Mchezo mmoja umekuwa ukipendwa katika siku hizi: wageni wa heshima hufungwa kitambaa machoni na kuambiwa watembee hatua chache au wamimine chai, “ili waonje upofu.” Watu hucheka, hujikwaa, na mwishowe husema wameguswa sana.

Mtafiti wa Marekani Arielle Silverman, ambaye mwenyewe haoni, pamoja na wenzake walichunguza mazoezi ya aina hii, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2015. Waliofungwa macho kwa muda mfupi waliwaona wasioona kuwa na uwezo mdogo wa kufanya kazi na kujitegemea, kuliko walivyowaona wale ambao hawakushiriki. Sababu yake haihitaji shahada kuielewa. Anayefungwa kitambaa kwa dakika tano huonja siku ya kwanza ya upofu tu, ile ya woga na kupapasa. Haonji mwaka wa kumi, wakati mtu anapika, analea, anafundisha darasa, anapokea pesa kwa simu na kumtambua jirani kwa hatua zake. Mwajiri aliyefungwa kitambaa asubuhi anaweza kurudi ofisini akiwa na huruma zaidi na nafasi chache zaidi za kazi.

Badala ya kitambaa, asiyeona aombwe kuonyesha kazi yake. Asome taarifa kwa breli mbele ya umati. Atume ujumbe kwa simu yake inayosoma kwa sauti. Aeleze jinsi anavyopanga noti mfukoni. Watoto wa shule huuliza maswali mazuri wakipewa nafasi, mengi yao bora kuliko ya watu wazima.

Mchango na picha

Harambee ya macho hukusanya pesa haraka kwa sababu hakuna asiyeogopa giza. Kwa hiyo wanaokusanya wana wajibu wa kutangaza, kabla ya bahasha kupita, pesa hizo zitanunua nini. “Kuwasaidia wasioona” ni maelezo mapana mno. Nauli na malazi ya wagonjwa wa upasuaji na wasindikizaji wao, miwani ya wanafunzi waliopimwa, fimbo nyeupe zenye urefu unaomfaa kila mtu, karatasi za breli za darasa fulani: haya ni maelezo ambayo mchangaji anaweza kuyafuatilia. Baada ya mwezi mmoja, hesabu isomwe kanisani, msikitini au kwenye baraza la chifu, ikitaja kilichoingia, kilichotumika, na wangapi kati ya walioandikiwa rufaa wamefanyiwa upasuaji.

Fimbo zisigawiwe kama leso. Fimbo bila mafunzo hukaa nyuma ya mlango. Mtu aliyepoteza macho ukubwani huhitaji wiki kadhaa na mkufunzi ili ajifunze kutembea nayo, na Chama cha Wasioona cha Kenya, kilichoundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1956, ni mojawapo ya mahali pa kuuliza kuhusu vifaa na mafunzo.

Kuhusu picha, kumpiga mgonjwa akitokwa na machozi wakati bandeji inaondolewa kunavutia wafadhili, lakini huyo ni mgonjwa hospitalini na sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inamlinda. Aombwe ruhusa mapema, aelezwe picha itatumika wapi, na akikataa asinyimwe huduma. Mtoto asipigwe picha bila idhini ya mzazi. Kuna picha nyingine nzuri isiyopigwa mara nyingi, nayo ni ya mzee huyo huyo miezi miwili baadaye, akiwa shambani mwake.

Meza ambayo haipaswi kukosekana

Pembeni ya hema la upimaji iwekwe meza ya tatu, mbali na ya usajili na ya dawa. Hapo ndipo anapopelekwa yule ambaye daktari amemwambia kwamba macho yake hayatarudi. Hiyo ni habari nzito, na katika kambi nyingi mtu huipokea akiwa amesimama, kisha foleni humsukuma mbele na hakuna anayemwuliza anaelekea wapi. Kwenye meza hiyo aketi mtu asiyeona mwenye uzoefu, pamoja na afisa wa huduma za jamii.

Kazi yao ni kumweleza hatua zinazofuata. Mtu mzima anaweza kufanyiwa tathmini ya ulemavu katika hospitali ya umma na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, usajili unaofungua mlango wa vifaa saidizi na nafuu ya kodi kwa anayestahili. Familia yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa inaweza kuuliza kuhusu mpango wa Inua Jamii, unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wanaokubaliwa. Mkulima aelezwe kwamba wapo wengine wanaoendelea na kilimo bila kuona.

Mzazi wa mtoto asiyeona aelekezwe kwenye kituo cha tathmini ya elimu kilicho karibu, ambako mtoto hupimwa na kupangiwa shule, iwe ya kawaida yenye mwalimu wa breli au ya pekee. Shule ya Wasioona ya Thika ilianzishwa mwaka 1946 na Jeshi la Wokovu, na wengi waliopitia huko wamekuwa walimu, mawakili na wahubiri. Umri una uzito wake hapa. Mtoto anayeanza breli akiwa na miaka 6 husoma na wenzake. Anayefichwa nyumbani hadi miaka 12 huanza darasa la kwanza akiwa na aibu ambayo haikuwa yake. Mzazi anayesitasita asikemewe hadharani. Mara nyingi hajawahi kumwona mtu mzima asiyeona anayejitegemea, na huyo aliyeketi mezani huenda akawa wa kwanza.

Wakazi wanaopanga shughuli za Oktoba wanahimizwa kumwona afisa wa afya wa kaunti ndogo au msimamizi wa wadi mapema, miezi miwili kabla ikiwezekana, ili kambi isigongane na ratiba ya upasuaji wa hospitali na ili majina ya wagonjwa yaingie kwenye daftari moja. Anayekuja kupimwa abebe kitambulisho, namba yake ya usajili wa SHA kama anayo, miwani ya zamani, na dawa zote za macho anazotumia, zikiwemo zile alizonunua dukani bila kuandikiwa. Asiendeshe pikipiki wala gari siku hiyo, kwa kuwa dawa ya kupanua mboni huufanya uoni kuwa na ukungu kwa saa kadhaa. Na bango la tangazo, chini ya tarehe ya matembezi, liwe na tarehe ya pili: siku ambayo walioandikiwa rufaa wataitwa majina, mmoja baada ya mwingine, kujua nani alifika na nani bado yuko nyumbani.